Kulinganisha mauzo ya nje ya rojo la mbao: kutoka data ghafi hadi grafu

Grafu nyingi za mauzo ya rojo la mbao, malighafi ya karatasi, hupotosha kwa sababu mchoraji amechukua dola peke yake. Bei ya rojo hupanda na kushuka kwa kasi, kwa hiyo mstari wa dola mara nyingi ni mstari wa bei. Beba tani pamoja na dola tangu mwanzo. Mfano wetu ni Brazili, Kanada, Chile na Uruguay, 2000 hadi 2023.

1. Chagua chanzo kimoja. FAOSTAT, hifadhidata ya shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), ina takwimu tangu 1961, inafaa kwa miaka mingi. UN Comtrade, hifadhidata ya Umoja wa Mataifa ya biashara kati ya nchi, ni bora ukitaka kujua nani kamuuzia nani. Usiziunganishe kwenye mstari mmoja: FAOSTAT huhesabu tani zenye unyevu wa asilimia 10, Comtrade hufuata uzito ulioandikwa forodhani.

2. Weka mipaka ya bidhaa. Hapa ndipo wengi huharibu. Kwenye Comtrade, usichukue sura ya 47 nzima ya orodha ya namba za bidhaa za forodha. Chukua 4701 hadi 4705. Namba 4706 ni rojo la karatasi zilizorejelewa na la mimea isiyo miti, na 4707 ni karatasi chakavu zenyewe. Ukiziacha ndani, Marekani inavimba bila sababu, maana inauza chakavu kwa wingi. Ndani ya 4703, tenga 470321 (kraft, yaani rojo lililopikwa kwa kemikali, iliyopaushwa, ya misonobari, ambayo Kanada huuza sana) na 470329 (ya miti ya majani mapana, kama mikaratusi ya Brazili). Namba 4702 ni rojo la kutengenezea nyuzi za viskosi, ambazo hufumwa kuwa vitambaa. Bei yake ni nyingine kabisa, na Afrika Kusini inalitegemea, kwa hiyo lipe safu yake.

3. Pakua. Kwenye FAOSTAT, kipengele 5922 ni thamani ya mauzo ya nje na 5910 ni kiasi. Thamani iko katika maelfu ya dola. Pakua pia safu ya alama: A ni takwimu rasmi, E ni makadirio. Ukiona tani zilezile miaka minne mfululizo, angalia alama kabla ya kusema biashara imetulia.

4. Kokotoa bei kwa tani. Thamani ikiwa safu B na tani safu C, andika `=B2*1000/C2`. Kwa miaka ya karibuni, jibu lililo chini ya dola 300 au juu ya 1,200 lichunguze: mara nyingi kuna sifuri iliyopotea au kipimo kilichokosewa. Lakini usifute kila mruko. Februari 2010 tetemeko la ardhi lilisimamisha viwanda vya rojo vya Chile, na bei duniani ikapanda. Mruko wa namna hiyo ni wa kweli.

5. Ondoa mfumuko wa bei. Tumia faharasa ya bei za walaji ya Marekani, wastani wa mwaka: 172.2 kwa 2000 na 304.702 kwa 2023. Gawanya ya 2023 kwa ya mwaka husika, kisha zidisha thamani. Dola milioni 100 za 2000 zinakuwa takriban milioni 177. Nchi iliyotoka milioni 100 hadi 170 imerudi nyuma, ingawa grafu yake inapanda.

6. Kagua nchi zenye matatizo. Uholanzi huuza tena rojo linalopitia bandari zake. Linganisha mauzo na uzalishaji wake. Uruguay ni ngumu zaidi: kiwanda cha Fray Bentos, kilichoanza Novemba 2007, kiko eneo huru la biashara. Takwimu zisizojumuisha maeneo hayo zinaweza kuonyesha magogo yakiingia kiwandani kama mauzo ya nje, na rojo lisionekane. Tafuta upande wa wanunuzi, hasa China, ila kumbuka thamani ya uagizaji kwa kawaida imebeba nauli na bima, hivyo andika jambo hilo chini ya grafu.

7. Chora. Grafu mbili, moja juu ya nyingine: tani juu, bei kwa tani chini, mhimili wa miaka uleule. Kipimo cha 2000 = 100, yaani kiasi cha kila nchi cha 2000 kikihesabiwa kuwa 100, kinafaa kwa Kanada, Chile na Brazili. Uruguay ilianzia karibu na sifuri, kwa hiyo mstari wake utapaa na kuwabana wengine chini. Mpe grafu yake, ianzie 2008.