Kushea folda kati ya kompyuta mbili za nyumbani bila kuzungusha fleshi

Dada yangu anapiga picha za harusi na kazi yote anaifanyia nyumbani. Picha ziko kwenye kompyuta ya mezani, mdogo wetu anazipanga kwenye laptop, na katikati fleshi moja ya GB 32 ilikuwa ikizunguka kutwa mpaka ikashika virusi. Jumamosi nilikaa nao tukaziunganisha mashine zote mbili, zote Windows 11. Nimeyaandika haya yakiwa bado mabichi kichwani.

1. Ruta moja

Mashine zote ziwe kwenye ruta moja, na zisiwe kwenye Wi-Fi ya wageni, maana ruta nyingi huwatenga wageni wasionane. Kompyuta ya mezani ichomeke kebo. Kwenye hili sibadiliki: kebo ya mtandao aina ya Cat5e ni bei ndogo na haikatikikatiki kama Wi-Fi. Angalia tu tundu za ruta. Zikiwa za megabiti 100 kwa sekunde, GB 10 za picha huchukua kama robo saa. Zikiwa za gigabiti, dakika mbili hivi.

2. Mtandao uwe "Private"

Settings, Network & internet, bofya mtandao wako, chagua "Private network". Fanya hivyo kwenye mashine zote mbili. Ukiuacha "Public", ukuta wa usalama wa Windows hauruhusu kushea.

3. Akaunti ya kushea

Hapa ndipo tulipopoteza muda wa saa tatu. Laptop iliiona kompyuta ya mezani vizuri, ikaomba jina na nenosiri, na kila tulichoandika ikakikataa. Dada alikuwa akiandika zile tarakimu nne anazofungulia kompyuta kila asubuhi. Hizo ni PIN, na PIN inafanya kazi kwenye mashine ile ile tu, haipiti kwenye mtandao. Kinachotakiwa ni nenosiri lenyewe la akaunti, ambalo wengi walilisahau siku ile ile walipoliweka. Akaunti isiyo na nenosiri kabisa nayo hukataliwa.

Kuna watu watakushauri uzime ulinzi wa nenosiri ili kila mtu aingie. Usifanye hivyo. Kwanza ni hatari kwa picha za wateja, pili Windows 11 Pro kuanzia toleo la 24H2 inazuia kuingia kama mgeni, kwa hiyo utahangaika bure.

Tengeneza akaunti mpya ya kazi hii peke yake. Kwenye kompyuta yenye picha, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika:

`net user studio * /add`

Itakuomba nenosiri mara mbili. Herufi hazionekani unapoandika. Kibodi haijafa, endelea. Kisha andika `hostname` upate jina la kompyuta. Ya dada inaitwa MEZANI.

Kwenye laptop, jina la kuingilia liandike zima, `MEZANI\studio`. Ukiandika `studio` peke yake, laptop inaweza kuitafuta akaunti hiyo ndani yake yenyewe. Na kama ulishajaribu ukakosea, nenda kwanza Credential Manager, mahali Windows inapotunza manenosiri, ufute lililohifadhiwa, kisha uwashe laptop upya. Bila hivyo itaendelea kutuma nenosiri lile bovu kimyakimya, nawe utadhani jipya ndilo linalokataa. Sisi hili peke yake lilitula saa nzima.

4. Folda

Kwenye kompyuta ya mezani, bofya kulia folda ya picha, Properties, Sharing, Advanced Sharing, weka tiki. Kwenye Permissions ondoa "Everyone", ongeza `studio`, mpe "Change". Halafu rudia kwenye kichupo cha Security, mpe `studio` "Modify". Ruhusa ni mbili, na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Shea folda ya kazi tu, kamwe usishee diski C nzima.

5. Kuifungua

Kwenye laptop bonyeza Windows na R, andika `\\MEZANI\Harusi`, yaani jina la kompyuta kisha jina la folda uliyoishea. Jina likigoma, tumia badala yake anwani ya IP (namba ya kompyuta kwenye mtandao) unayoipata kwa kuandika `ipconfig` kwenye Command Prompt ya kompyuta ya mezani, na uiambie ruta isiibadilishe. Ikifunguka, tumia "Map network drive" ili ikae kama diski Z.

Mwisho, zuia kompyuta ya mezani isilale yenyewe. Ikilala, folda inapotea, na mdogo wetu alishaanza kunipigia simu kwamba picha zimefutika.