Unataka kuuza nyumba Dar? Anza na hati na chumvi ya ukutani, rangi baadaye

Mtu akishaamua kuuza nyumba anakimbilia rangi. Na sisi tulifanya hivohivo tulipokuwa tunauza nyumba ya mzee kule Tabata, tukapiga rangi ndani nje, sebuleni tukashusha siling bodi ya zamani tukaweka jipsamu na taa zake, hela ikatoka ya maana, halafu mteja wa kwanza kaingia hata juu hakuangalia, kauliza tu hati ina jina la nani. Ilikuwa bado ina jina la marehemu. Akashukuru, akaondoka, na alikuwa na hela kweli.

Kwahiyo anza na makaratasi, nakuomba. Kama mwenye nyumba alishafariki, familia ikae ipendekeze msimamizi wa mirathi, mahakama imteue, jina lake liingie kwenye hati kama msimamizi, ndo mtangaze. Kama una leseni ya makazi tu (ile karatasi ya muda ya maeneo yasiyopimwa) na mtaa wenu ulishapimwa kwenye urasimishaji, ule mpango wa kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa kiholela, lipia umalizie hati, maana mteja anayenunua kwa mkopo benki itamuuliza hati, na ukimkosa huyo unabaki na wale wa keshi ambao wanajua kabisa huna pa kwenda, watakubana bei mpaka ukonde. Pango la ardhi, ile kodi ya kiwanja ya kila mwaka, lipa madeni yote na risiti uziweke pamoja. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye umeme, hiyo mara nyingi haisumbui. Kama ni nyumba ya ndoa basi mwenza wako atoe ridhaa ya maandishi mapema, ni sheria, usisubiri siku ya kusaini mkataba ndo uanze kubembelezana. Halafu chukua panga kafyeke majani kwenye bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, zionekane, mteja akiiona bikoni kwa macho yake anatulia.

Sasa nyumba yenyewe. Adui mkubwa huku kwetu Pwani ni chumvi, ule ukuta unaovimba huku chini, rangi inabanduka, ukipitisha mkono unatoka na unga mweupe. Watu wanapiga rangi juu yake, na hiyo ni hela umemwaga, ndani ya muda mfupi inarudi vilevile na mteja akiona kiraka kipya cha rangi chini ya ukuta anajua unaficha kitu. Yale ni maji yanapanda kutoka ardhini kwa sababu kwenye msingi hawakuweka nailoni ya kuzuia unyevu au imeshachoka, yanabeba chumvi, maji yakikauka chumvi inabaki inasukuma plasta. Cha kufanya, bandua plasta yote mpaka juu kidogo ya pale unyevu ulipoishia, suuza, acha ukuta ukauke wiki kadhaa bila haraka, fundi apige plasta mpya yenye dawa ya kuzuia maji, nayo ikauke vizuri, ndo skimu (ule mpako laini wa mwisho) na rangi. Na huko nje hakikisha maji ya bati hayamwagiki kwenye msingi, weka gata (mfereji wa kukinga maji ya paa), na udongo uliolala ukutani uondoe. Ratibu hii kazi kiangazi, ukiianza masika utalaumu fundi bure.

Bati nalo panda ulicheki, msumari mmoja uliolegea unaweka doa la njano kwenye siling bodi na mteja akiliona lile doa kichwani anapiga hesabu ya paa zima. Choo kilichojaa ita gari la majitaka linyonye. Bomba linalovuja, kitasa kinachogoma, swichi iliyoungua, hivi ni vya siku moja na fundi mmoja lakini visipofanywa mtu anajisemea hii nyumba haikutunzwa. Tanki la maji lijaze, pampu ifanye kazi, kwa mgao wa maji wa hapa mjini mteja lazima afungue bomba.

Rangi ndo inakuja sasa, nyeupe au krimu, ya nje iwe inayovumilia mvua. Ndoo ya lita 20 ukipaka mara mbili inakutosha takribani mita za mraba 100 kama ukuta umeshaandaliwa, ukuta ambao haujaandaliwa unakunywa zaidi.

Usihangaike na kabati za jiko za gharama wala marumaru mpya nyumba nzima kama zilizopo hazijapasuka, mnunuzi ana ladha yake atabadilisha. Kama hela ni kidogo weka kwenye choo na jiko, sugua marumaru, badilisha sinki lililopasuka, basi. Na kila unachonunua dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) uitunze, kwasababu mkaazi, yaani anayeishi nchini, akiuza analipa TRA, mamlaka ya mapato, asilimia 10 ya faida, na gharama za kuboresha nyumba zenye ushahidi zinapunguza ile faida.

Picha piga asubuhi madirisha yote wazi, nguo za kwenye kamba anua kwanza, wapo wanunuzi walioko mikoani au nje ya nchi wanaangalia WhatsApp kabla ya kutuma ndugu yao. Siku ndugu akija, funguo za vyumba vyote ziwepo, hata cha stoo, na kopi ya hati iwe mezani. Mwache azunguke mwenyewe.