Kumnasa faji anayekata koti la sukari la Klebsiella

Vijana wanaokuja maabara kwangu kwa mafunzo ya vitendo hukimbilia maji taka kutafuta faji, yaani virusi wanaokula bakteria, kabla hawajamtazama bakteria mwenyewe. Mimi huwarudisha kwenye sahani. Otesha bakteria Klebsiella pneumoniae juu ya agari, rojo lililoganda la kuoteshea bakteria, usiku kucha kwenye nyuzijoto 37, kisha gusa koloni moja kwa kitanzi na uinue polepole. Likivutika kama mlenda, uzi ukipita milimita 5, una aina yenye utelezi mkubwa. Uzi usipotokea, usiseme hana koti: wengi wanalo na hawavutiki.

Koti hilo ni minyororo ya sukari, nalo hufunika sehemu ambazo faji wangejishikiza. Faji tunayemtaka ana miiba mkiani yenye kimeng'enya cha kukata minyororo hiyo. Kwa kawaida kimeng'enya kimoja huweza aina moja ya koti, au chache tu, na aina zilizotambuliwa kwa Klebsiella zinapita 70. Kwa hiyo winda kwa kutumia bakteria yuleyule unayetaka kumshinda, usitumie wa jirani.

Vaa glavu, chota maji taka, yazungushe kwenye sentrifuji, chuja kwa kichujio cha maikromita 0.45. Changanya na brothi, yaani mchuzi wa kuoteshea, na bakteria wachanga, acha usiku, chuja tena. Zimua mara kumi kumi, mara kadhaa. Kila kiwango kichanganye na bakteria ndani ya agari laini ya asilimia 0.5 iliyopoa hadi kama nyuzijoto 45, umwage juu ya agari ngumu.

Kesho yake usiangalie kwa haraka. Inamisha sahani mbele ya kitambaa cheusi, mwanga utoke ubavuni. Utaona doa angavu ambapo bakteria wamekufa, na kulizunguka pete hafifu ya ukungu. Ndani ya pete bakteria wangali hai, ila wamevuliwa koti: kimeng'enya kimesambaa kwenye agari na kumtangulia faji. Piga mstari wa kalamu ukingoni mwa pete, rudisha sahani kwenye joto. Kesho kutwa doa litakuwa limesimama palepale, pete imevuka mstari. Nikiona hivyo huwa nafurahi kweli, maana hiyo ni dalili nzuri kuliko doa kubwa lisilo na pete.

Chomoa doa moja, rudia kumwagia mara tatu hadi madoa yote yafanane. Tone zito la faji likisafisha zulia la bakteria lakini viwango vyepesi, vilivyozimuliwa zaidi, visitoe doa hata moja, bado hujathibitisha kwamba faji anazaliana humo.

Vikoloni vikiibuka katikati ya doa, usivitupe. Wengi wao wameacha kutengeneza koti, na hukauka kuliko wazazi wao. Waoteshe peke yao, urudi nao kwenye maji taka yaleyale kutafuta faji wa pili anayewapata wakiwa uchi, kisha uwajaribu faji hao wawili pamoja.