Unataka kukimbia marathoni kumkumbuka mtu wako? Weka haya sawa kwanza

Tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya dunia kule Tokyo mwaka 2025 naona watu wengi wamepata moto wa kukimbia, na kuna ambao wananiuliza mimi kwa sababu wanajua nilikimbia Kilimanjaro Marathon kwa ajili ya mama, wanataka na wao wakimbie kwa jina la mzazi au mtoto au mume aliyetangulia, wachangishe na hela ya wagonjwa. Ni jambo zuri sana na sitamkatisha tamaa mtu. Ila kuna vitu vya kuweka sawa kabla hujafunga kamba za raba, na kimojawapo mi nilikijua nikiwa nimeshaumia.

Kwanza kapime. Presha, sukari, wingi wa damu, na umwambie daktari kabisa unataka kufanya nini. Kama mtu wako aliondoka kwa moyo au presha ndio usibishane kabisa, hayo magonjwa yanatembea kwenye ukoo na we unaweza kuwa nayo hujui. Mama yangu aliondoka kwa saratani ya mlango wa kizazi, kwa hiyo wanawake wote wanaoniuliza nawaambia wakapime na hiyo pia hata kama haihusiani na mbio, kile kipimo cha kupaka siki ni dakika chache tu, na binti yako wa miaka 9 hadi 14 apate chanjo ya HPV, kile kirusi kinacholeta saratani hiyo. Sioni maana ya kukimbia kilomita 42 kwa ajili ya ugonjwa ambao mwenyewe hujaupima.

Alafu muda. Kama unaweza kukimbia kilomita 5 bila kusimama, jipe wiki 12 kwa nusu marathoni na wiki 16 hadi 20 kwa ile nzima ya kilomita 42.195. Kili, yaani hiyo Kilimanjaro Marathon ya Moshi, inakuwaga mwishoni mwa mwezi wa pili hivi, hesabu mwenyewe, maana yake mwezi wa kumi uko barabarani, sio unasubiri Krismasi ipite. Siku tatu au nne kwa wiki zinatosha, moja ndio ndefu, na hiyo ndefu ukimbie taratibu, uwe unaweza kupiga stori na mwenzako bila kuhema. Usiongeze kilomita zaidi ya asilimia 10 kwa wiki, na kila baada ya wiki tatu nne punguza kidogo mwili upumue. Ile ndefu kuliko zote, kilomita 30 au 32, iwe wiki tatu kabla ya siku yenyewe, baada ya hapo unashusha tu.

Hapa nisisitize kitu. Uchungu unadanganya. Wiki za mwanzo unakimbia unamfikiria mtu wako, machozi yanatoka, unarudi nyumbani umekuwa mwepesi kabisa, kesho yake unataka tena na keshokutwa tena, yaani unaona kama ukipumzika umemsaliti. Wiki ya tatu miundi inaanza kuuma na unakaa nje mwezi mzima. Na mtu asinitajie John Stephen Akhwari. Akhwari alimaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 na goti limefungwa bandeji, ni heshima yetu wote, lakini yule alikuwa mwanariadha wa taifa na aliumia katikati ya mashindano yenyewe. We ukiumia mwezi wa kumi na mbili kwenye mazoezi, pumzika.

Kama unakaa Dar usizoee tambarare. Coco Beach na Daraja la Tanzanite ni pazuri asubuhi, upepo wa bahari na watu kibao, ila Kili haiko hivyo. Ile ya 42 nusu ya kwanza inakupeleka barabara ya kuja Dar na kukurudisha, haina shida sana, alafu ukishachoka ndio unageuziwa kupanda Mweka, upande wa mlimani, karibu kilomita kumi za kupandisha tu, na jua limeshatoka. Ya 21 nayo inapanda huko huko. Kwa hiyo mara moja kwa wiki tafuta vilima, nenda Goba, nenda Pugu na Kisarawe. Na mazoezi ya kushuka uyafanye, watu wanajiandaa kupanda tu wakati mapaja yanakwisha kwenye kushuka, na kucha za vidole gumba zinakuwa nyeusi kwa sababu kiatu kinabana mbele.

Kiatu nunua jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, kiache nafasi mbele ya dole gumba. Mtumba sawa tu, ila bonyeza soli, ikiwa ngumu kama ubao iache hata kama juu inang'aa. Usivae kiatu kipya siku ya mbio. Barabarani kimbia upande wa kulia ili uone magari na bodaboda zinazokuja, na dada zangu msitoke peke yenu saa kumi na moja alfajiri, jiungeni na jogging ya mtaani kwenu, zipo kila kona na hawakatai mtu.

Kula ulichozoea, wali, ugali, viazi vitamu, ndizi, siku ya mbio sio ya kujaribu kitu ulichoona kwa mwenzako. Maji kunywa ukisikia kiu, usijishindilie, maana ukinywa maji matupu mengi sana saa nne tano mfululizo chumvi ya mwili inashuka na hiyo ni hatari kweli, inaweza kumuangusha mtu. Pakiti mbili za ORS zisikose.

Fulana ya marehemu. Najua ndio kitu cha kwanza watu wanakimbilia, mpaka mazoezi hayajaanza fulana zimeshachapwa. Zile za pamba zenye picha kubwa kifuani zinapendeza kwenye msiba na kwenye misa, lakini kwa kilomita 42 zinakunywa jasho zinakuwa nzito, na ile picha ni kama nailoni, haipitishi hewa, inakusugua kifua mpaka damu. Chapisha jina na picha ndogo kwa mgongoni kwenye jezi nyepesi, alafu kimbia nayo mazoezini angalau mara mbili. Na mafuta mazito ya mgando paka kwapani, mapajani na kwenye chuchu, wanaume hasa mnapuuza hili alafu mnamaliza na michirizi miwili ya damu.

Sasa pesa. Hapa naomba usiruke.

Mama alipotimiza miezi tisa hivi tangu atutoke, nikatangaza kwenye magrupu ya ukoo na ya jumuiya kwamba nitakimbia Kili kwa jina lake na nachangisha hela ya nauli na chakula kwa kina mama wanaotoka mikoani kuja kutibiwa mionzi Dar, maana nilipokuwa namuuguza mama niliwaona wengi wanaomaliza akiba yote kwa kukaa mjini wakisubiri zamu. Nikaweka namba yangu ya simu, ile ile ninayotumia kila siku. Sikuwaza mara mbili.

Kumbe laini ile ilikuwa na deni. Ule mkopo wa kukamilishia muamala ukiishiwa salio, nilikuwa nautumia kila siku kipindi cha kumuuguza, dawa, bajaji, LUKU, na haukuwa umeisha, ulikuwa umebaki 140,000. Na ule mkopo unavyofanya kazi hauulizi mtu, hela yoyote ikiingia unajikata wenyewe kwanza. Mtu wa kwanza kabisa kutuma alikuwa bibi mmoja aliyekuwa akiuza ndizi na mama sokoni miaka na miaka, alituma 10,000. Yote ikaliwa na deni. Nami nikamjibu asante sana mama, Mungu akubariki, sijaangalia hata salio, meseji zinaingia mfululizo, nalia, nafurahi, najibu watu. Wa pili, wa tatu, wa nne, hivyo hivyo, mpaka deni likaisha.

Na haikuishia hapo, nisijifiche. Kwa kuwa hela ilikuwa laini moja na yangu, mwezi wa kwanza shule zinafunguliwa nikachukua 200,000 nikamalizia ada ya mwanangu, nikijiambia mwisho wa mwezi narudisha. Makato ya kutoa na kutuma nayo yakala yake, kama 45,000 hivi.

Misa ya kumbukumbu ya mwaka ilikuwa nyumbani Kibosho, na baada ya kula ukoo ukakaa kikao chini ya migomba karibu na alipolala mama. Mama mdogo akatoa daftari. Yeye ndiye aliyeandika michango ya msiba, na kumbe kila aliyenitumia alikuwa anampigia na yeye kumwambia, naye anaandika jina na kiasi kwa kalamu. Jumla yake 1,640,000. Mi kwenye simu nina 1,255,000. Hakupaza sauti. Aliniangalia tu akasema, "Mwanangu, hela ya dada yangu nyingine iko wapi?"

Nilieleza deni, nilieleza ada, na kila nilichokuwa naeleza kilikuwa kweli, lakini wajomba walikuwa wanaangalia chini, na kaka yangu akatoka nje ya uzio. Ilikuwa imebaki wiki tano mbio. Wiki mbili nzima sikukimbia hata kilomita moja, sikuwa naumwa popote, nilikuwa navaa raba nakaa kitandani nazivua. Nikakopa VICOBA nikajazia yote 385,000 ndani ya siku nne, na bado nikifika kwenye kile kilima cha Goba lile swali lilikuwa linapanda na mimi.

Kwa hiyo nisikilizeni. Usitumie laini yako. Ikiwezekana hela isipite mikononi mwako kabisa, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali unayotaka kuisaidia uulize misaada inapokelewaje, hospitali za serikali malipo yanaenda kwa kontro namba na risiti inatoka, wachangiaji walipie huko huko. Au jiandikishe mbio ambazo zenyewe zimeanzishwa kuchangia matibabu, NBC Dodoma Marathon inachangia mapambano ya saratani hiyo hiyo ya mlango wa kizazi, CRDB Marathon imechangia upasuaji wa moyo wa watoto, huko unakimbia tu na mchango wako umefika. Ukilazimika kukusanya mwenyewe, tafuteni laini mpya isiyo na deni lolote, simu ishikwe na mmoja na namba ya siri ajue mwingine, na kila Jumapili orodha itumwe kwenye grupu, walioahidi kivyao na waliotoa kivyao. Ada ya kujiandikisha, fulana, nauli ya Moshi, lipa mfukoni mwako au sema mapema kabisa kwamba itatoka kwenye mchango. Mtu aliyechanga matibabu, akachanga jeneza, akachanga tena mbio, ana haki ya kuuliza hata shilingi mia.

Tena kabla hujaandika ugonjwa kwenye tangazo, uliza nyumbani. Baba yetu hakupenda ugonjwa wa mama utajwe, na mama mwenyewe alikuwa akiwaambia watu ni tumbo. Tulikaa naye jioni tatu mpaka akakubali, alipokubali ni kwa sababu ya wajukuu wa kike. Angekataa ningekimbia kwa jina lake tu bila kutaja kilichomuondoa.

Vingine ni vidogo ila vinaangusha. Moshi wiki ile gesti zinajaa, weka nafasi mapema, na usishuke kwenye basi la Dar usiku wa kuamkia mbio na miguu imevimba kwa safari ya siku nzima, fika siku mbili kabla. Namba ya kifuani kachukue mapema, nyuma yake andika namba ya simu ya ndugu. Kofia, mafuta ya jua. Ukiwa na homa usikimbie, hata kama fulana zimechapwa na watu wameshachanga, hela ya wagonjwa haitarudi kwa sababu we hukukimbia. Kizunguzungu, kifua kubana, baridi wakati jua linawaka, simama hapo hapo uite watu wa huduma ya kwanza. Kupanda Mweka utalia, pumzi ikikukaba ukiwa unalia tembea, hamna anayekucheka. Mpange mtu wako mmoja asimame huko juu na khanga na maji, mi alisimama mama mdogo, na daftari lake kwapani. Ukishamaliza usikae chini ghafla, tembea kwanza, kula kitu cha chumvi, ngazi shuka kinyumenyume siku mbili tatu hizo. Hela ipelekwe wiki hiyo hiyo, risiti ipigwe picha itumwe kwa kila mtu, hata yule aliyetuma 1,000. Na kabla hujatangaza chochote, fungua simu uangalie deni la laini.