Kuunganisha jipiesi, otopailoti na redio za kampuni tofauti kwenye boti moja

Boti nyingi zinazolala Mtwapa na Tudor, kwenye pwani ya Mombasa, zilifungwa vifaa kidogo kidogo, kadiri pesa ilivyopatikana: jipiesi (GPS) ya Garmin, kipima kina cha Raymarine, otopailoti (kifaa kinachoshika usukani chenyewe) ya Simrad, redio ya VHF ya Icom. Wenye boti huambiwa wang'oe vyote wanunue vya kampuni moja. Hakuna haja. Kampuni hizi zote zinatumia lugha mbili zilezile za vifaa kupeana taarifa, NMEA 0183 na NMEA 2000. Kazi iko kwenye nyaya.

Hatua ya 1: Jua kila kifaa kinatumia lugha gani

Kikiwa na plagi ya duara ya pini 5, kwa kawaida ni NMEA 2000. Kikitoa nyaya tupu za rangi rangi, mara nyingi ni NMEA 0183. Raymarine wana SeaTalkng na Simrad za zamani zina SimNet, lakini ujumbe unaopita ni wa NMEA 2000. Plagi ndiyo tofauti. Nunua kebo ya kubadilisha plagi, usikate waya. Rada itoe kwenye hesabu, maana picha yake haivuki kampuni.

Hatua ya 2: Laza waya mkuu

Waya mkuu wa NMEA 2000 ni mmoja, una ncha mbili, na kila ncha inafungwa terminata (kizibo chenye kizuia umeme) ya omu 120. Vifaa vinaingia kwa vipande vya T, kila tawi lisizidi mita 6. Umeme wa volti 12 uingie mahali pamoja tu, kupitia fyuzi na swichi yake. Usiuchukue kwenye betri ya kuwashia injini: ukipiga stata volti hushuka na skrini zinazimika.

Hatua ya 3: Pima kabla ya kuwasha

Hapa usiharakishe. Zima umeme wote, chomoa kifaa kimoja kwenye tawi lake, weka malitimita (kipima umeme) kwenye omu. Ncha moja iguse pini ya katikati, yaani namba 5, nyingine iguse pini namba 4. Ukisoma karibu 60, waya uko sawa. Ukisoma 120, terminata moja haipo au waya umekatika njiani. Ukisoma 40, kuna mtu ameongeza terminata ya tatu. Kipimo hiki kinachukua dakika moja, na bila hicho utashinda siku nzima ukilaumu skrini.

Kisha washa kila kitu, upime volti kati ya pini 2 na 3, yaani za umeme, kwenye tawi la mbali zaidi. Zikishuka chini ya 9, vifaa vitakuwa vinapotea na kurudi.

Chumvi yetu haina huruma. Waya wa nyumba huota kutu ya kijani ndani ya plastiki bila wewe kuona. Tumia waya wa shaba iliyopakwa bati, na kila kiungo ukivishe mpira wenye gundi unaosinyaa kwa moto.

Hatua ya 4: Ipe redio mahali ulipo

Kama utaunganisha kitu kimoja tu, unganisha hiki. Redio ya VHF isiyopata jipiesi, ukibonyeza kitufe chekundu, huita msaada bila kusema uko wapi. Kwa NMEA 0183, waya wa kutuma wa jipiesi uende kwenye waya wa kupokea wa redio, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Fuata kitabu cha kifaa. Rangi hazilingani kati ya kampuni. Kasi ya kutuma taarifa iwe 4800 (biti kwa sekunde) pande zote mbili. Ile ya 38400 ni ya AIS (mfumo wa meli kutangaziana mahali zilipo), na redio iliyowekwa 4800 haitaisikia. Kwenye jipiesi, ruhusu ujumbe wa RMC, unaobeba mahali ulipo, utoke.

Kwenye skrini ya redio sasa usome digrii 3 au 4 kusini, 39 mashariki. Hakikisha namba ya MMSI, inayotambulisha boti yako redioni, imeingizwa. Za Kenya huanza na 634. Kitufe chekundu usikibonyeze kwa majaribio kamwe.

Hatua ya 5: Chagua chanzo kimoja

Vifaa viwili vikitoa mahali ulipo, chagua kimoja kwenye menyu ya kila skrini. Dira ya otopailoti ikae mbali na spika na chuma. Otopailoti ijaribu nje ya mlango wa bahari, mbali na njia ya meli za Kilindini, mtu mmoja akiwa usukanini na kidole karibu na kitufe cha kuizima.