Picha moja, matoleo mengi: namna ya kuyapanga kwenye ResourceSpace

Mtoto wa kaka yangu anafanya kazi kwenye kiofisi cha kutembeza wageni pale Shangani, Unguja. Juzi magharibi kanipigia simu: "Shikamoo ami. Ile picha ya zamani ya jumba la Beit el Ajaib siioni." Nikasali, nikaenda. Nilirudi nyumbani saa sita za usiku.

Wao wanatumia ResourceSpace, programu ya kuhifadhi na kupanga picha, na mimi ndiye niliyewawekea. Ni ya bure na inakaa kwenye seva yako mwenyewe. Folda za kushirikiana mtandaoni zinafaa kwa watu wawili. Wakifika watano utakuta "mwisho", "mwisho2" na "mwisho_kabisa", na hakuna anayejua ipi ndiyo ya mwisho.

Hatua ya 1. Kila picha ifungulie rekodi yake (ukurasa wake ndani ya programu, wenye namba yake), upakie faili la asili. La asili ni lile lililotoka kwenye kamera, si lililopitia WhatsApp.

Hatua ya 2. Tarehe kwenye jina la faili ianze na mwaka: 2024-06-14. Ukianza na siku, kompyuta itakupangia Juni kabla ya Januari.

Hatua ya 3. Jiulize: hili ni toleo, au ni picha nyingine?

Hapa ndipo usiku wetu ulipoishia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib ilianguka. Kijana alikwenda kupiga picha mpya, akafungua rekodi ya zamani, akabadilisha faili. Hoja yake: "Si jumba ni lile lile, ami?"

Jumba ndilo, picha siyo. Toleo ni picha ile ile iliyofanyiwa kazi: imekatwa, imepunguzwa, imerekebishwa rangi, imetiwa nembo. Kamera ikibonyezwa upya, hata kama umesimama pale pale Forodhani, hiyo ni rekodi mpya. Ukitaka zionekane pamoja, zipo rekodi zinazohusiana. Andika namba ya moja kwenye nyengine, basi.

Kipimo changu: je, naweza kuitengeneza hii kutoka kwenye faili la asili? Kama naweza, ni toleo. Kama siwezi, fungua rekodi. Ramani za wageni ndizo zinazonitatiza, maana ramani ya mwaka jana na ya mwaka huu hutoka kwenye faili moja la michoro. Hizo naziacha kuwa matoleo, ila mwaka nauandika kwenye maelezo ya kila moja.

Na ukiwa na shaka, fungua rekodi mpya. Rekodi mbili zilizozidi utaziunganisha kwa dakika kumi. Faili lililofunikwa na jingine huenda usilipate tena.

Hatua ya 4. Matoleo yote (ya tovuti, ya kipeperushi, yenye nembo) yaweke kwenye mafaili mbadala ya rekodi ile ile. Kila moja liandikie linatumika wapi. "Mpya" si maelezo, kesho itakuwa kuukuu.

Hatua ya 5. Ukilazimika kubadilisha faili kuu, usifute rekodi ukaanza upya, kwani namba itabadilika na viungo vya mtandaoni (link) ulivyokwishawapa watu vitakufa. Tumia sehemu ya kubadilisha faili, na uweke tiki kwenye kisanduku cha kubakiza la zamani kama faili mbadala. Kisanduku hukioni? Ongeza mstari huu kwenye config.php, faili la mipangilio ya ResourceSpace:

$replace_resource_preserve_option = true;

Kwa yule kijana kisanduku hakikuwepo. Kosa langu hilo, mie ndiye niliyesahau kukiwasha.

Hatua ya 6. Nakala ya akiba ichukue vitu viwili kwa wakati mmoja: folda ya filestore (ndimo yanamokaa mafaili ya picha) na hifadhidata ya MySQL (ndimo yanamokaa maelezo yake). Akiba yao ilikuwa ya hifadhidata peke yake, kwa hiyo tulipata maelezo yote ya picha, picha yenyewe hatukuipata. Mwishowe tuliikuta kwenye flashi ya fundi wa kuchapisha vipeperushi, imekatwa pembeni na nembo iko juu yake. Tumeifungulia rekodi yake hivyo hivyo.