Kabla ya kulipia ushauri wa lishe, uliza kasomea nini

Nimestaafu uuguzi, naishi Ujiji, na majirani bado wananiletea karatasi zao niwasomee. Ya juzi ilikuwa ya mama mwenye kisukari: kaandikiwa makopo ya unga na kuambiwa aache vidonge. Aliyemwandikia kasomea wapi? Mama hakujua. Swali hilo lingetangulia hela.

Afisa lishe wa halmashauri amesomea lishe chuoni. SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine kule Morogoro, kwa mfano, wanafundisha shahada ya lishe ya binadamu kwa miaka mitatu. Chuo kikuu kiwe kinatambuliwa na TCU, tume ya vyuo vikuu; chuo cha kati kiwe kimesajiliwa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Mwanao atakutafutia jina la chuo kwenye simu. Anayekushauri kwa WhatsApp kutoka Kenya, mwombe namba ya usajili, maana kwao kuna sheria ya kusajili wataalamu wa lishe tangu 2007. Cheti cha semina ya kampuni inayouza virutubisho si elimu ya lishe, hata kikiwa na fremu.

Kisha angalia shida yako. Mtoto amekonda? Anza na mhudumu wa afya wa mtaani kwako, ana utepe wa kupima mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Miguu yote miwili ikivimba, usisubiri utepe. Ulishaji wa mtoto, mlo wa mjamzito, hayo ni ya afisa lishe.

Figo ni habari nyingine, na hapa nawasihi sana. Figo ikichoka, potasiamu hubaki kwenye damu na kuuvuruga moyo, kwa hiyo ndizi na mboga za majani tunazozisifu kila siku mgonjwa huyo anaweza kupunguziwa. Anahitaji mtu wa tiba lishe anayejua kusoma majibu ya maabara na anayeshauriana na daktari wake. Ulizia Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu wa Kigoma.

Aliyesoma atakupima uzito, atauliza ugali wa muhogo unakula kiasi gani, mawese mnapikiaje, migebuka mnaipata mara ngapi, unatumia dawa gani. Akikuambia uache dawa, nyanyuka uondoke. Dawa hubadilishwa na daktari. Siku ya kwenda beba daftari la kliniki, majibu ya vipimo, na dawa zako zote, za miti shamba zikiwemo.